Kicheko cha Kemondo: Filamu ya "Bean" na Watazamaji Wake

Utangulizi

Sisi watumishi wa Kanisa tumezoea kuvitaja vibanda vya video pale tu tunapotaka kuvilaumu. Katika semina za vijana, katika vikao vya wazee, na mara nyingine hata mimbarani, kibanda cha video hutajwa pamoja na ulevi, kamari na uasherati, kana kwamba vyote vinne ni ndugu wa tumbo moja. Ni mara chache tunapoulizana ni kitu gani hasa kinachoonyeshwa humo, ni nani wanaoketi humo, na mtu anapotoka hutoka na nini moyoni. Katika makala hii tunakusudia kuifanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo, tukichukua filamu moja tu ya vichekesho kutoka Uingereza na kibanda kimoja tu cha Kemondo.

Sababu ya kuichagua filamu hii haikutokana na utafiti wa darasani. Mzee mmoja wa Kanisa alitujia akiwa na uchungu. Wanafunzi watatu wa kipaimara walikuwa wameonekana uwanjani, baada ya kipindi, wakisalimiana kwa kuinua kidole cha kati, na mmoja wao alimsalimu mwinjilisti wao vivyo hivyo. Walipoulizwa walisema wamejifunza salamu hiyo kwa "Bwana Bean". "Baba Mchungaji," alisema mzee, "watoto hawa wasibarikiwe mwaka huu. Na hiyo sinema tuikemee Jumapili mbele ya Usharika wote." Tulimwomba mzee atupe siku chache. Haikuwa haki kukemea kitu ambacho hatujakiona, wala kuwazuia watoto wasifike katika Meza ya Bwana kwa sababu ya jambo ambalo hatujalielewa. Basi tulikwenda kibandani, tukalipa kiingilio kama watu wengine, tukaketi kwenye benchi.

Hadithi yenyewe

Filamu ya "Bean" ilitolewa mwaka 1997 chini ya uongozi wa Mel Smith. Mhusika wake mkuu huigizwa na Rowan Atkinson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1955, ambaye kabla ya kuingia katika sanaa alisomea uhandisi wa umeme hadi Chuo Kikuu cha Oxford. Mhusika huyo alikuwa ameanza kuonekana katika televisheni ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Ni mtu mzima mwenye akili ya mtoto mtundu, asiyesema karibu neno lolote, naye hufanya kila jambo kwa namna yake isiyofanana na ya mtu mwingine.

Katika filamu, Bean ni mlinzi katika jumba kubwa la picha mjini London, na kazi yake ni kusinzia kwenye kiti. Wakuu wake wanataka kumfukuza, lakini mwenyekiti wa bodi anakataa. Ndipo wanapopata hila. Jumba jingine la picha, huko Los Angeles nchini Marekani, limeinunua kwa dola milioni 50 picha maarufu ambayo James Whistler alimchora mama yake mwaka 1871, nalo linaomba mtaalamu wa kuja kuizungumzia siku ya uzinduzi. Wakuu wa London wanampeleka Bean, wakimtambulisha kwa jina la Daktari Bean, msomi mkubwa. Huko anapokewa kwa heshima zote nyumbani kwa David Langley, mtunzaji wa jumba lile. Kabla wiki haijaisha, familia ya Langley inakaribia kuvunjika, na picha yenyewe imeharibika. Bean anaipigia chafya, anaifuta kwa leso yenye wino, anajaribu kuiondoa wino kwa dawa ya kuyeyusha rangi, na uso wa yule mama unafutika kabisa. Mahali pake anachora katuni.

Uchafu tulioambiwa habari zake umo, wala hatuna haja ya kuuficha. Ndani ya ndege Bean anapasua mfuko wa karatasi bila kujua kwamba umejaa matapishi. Mlinzi wa jumba la picha anatiliwa dawa ya kuharisha katika kahawa yake. Na ile "salamu" pia imo. Akiwa garini Los Angeles, Bean anaonyeshwa kidole na mtu mwenye hasira, anadhani ndiyo desturi ya kusalimiana katika nchi ile, naye anawasalimu wapita njia wote kwa kidole hicho huku akitabasamu kwa upendo mwingi.

Wachambuzi wengi wa Ulaya na Marekani hawakuipa filamu hii sifa kubwa. Walisema kwamba vituko vinavyofaa kwa dakika chache za televisheni havitoshi kujaza saa moja na nusu. Hata hivyo watazamaji wa dunia nzima waliilipia zaidi ya dola milioni 200. Tofauti hiyo kati ya hukumu ya wajuzi na furaha ya watu ndiyo inayotufanya tutake kuwasikiliza watu.

Yaliyotokea kibandani

Wasomaji wengi wanajua jinsi filamu za kigeni zinavyofika kwa wananchi wetu. Huko Dar es Salaam, mfasiri aitwaye Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kutia maneno ya Kiswahili katika kanda za kigeni, na upande wa pili wa mpaka wetu, nchini Uganda, wafasiri wa namna hiyo wamekuwa mashuhuri kuliko baadhi ya waigizaji. Mfasiri wa aina hii hafasiri neno kwa neno. Anasimulia, anakosoa, anatania, na pale mwigizaji anapokaa kimya yeye ndiye anayesema. Bean, ambaye karibu hasemi, ni kama shamba lililoachwa wazi kwa ajili yake.

Kijana aliyeshika kipaza sauti hapo Kemondo alichanganya Kiswahili na Kihaya. Tulitazamia kwamba watu wangecheka zaidi penye matapishi. Walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa kifupi, kilichochanganyika na sauti za kinyaa. Kicheko kikubwa kilitokea mahali ambapo hatukupatazamia: pale wasomi wa Los Angeles wanapomwinamia mlinzi wa mlangoni, wakimwita Daktari, wakiona hekima kubwa katika kila anachokifanya. Mfasiri alipaza sauti, "Nshomile amefika!" na kibanda kizima kikalipuka.

Asiye mwenyeji wa Kagera anahitaji maelezo hapa. "Nshomile" maana yake ni "nimesoma". Ni neno ambalo Watanzania wenzetu hututania nalo sisi Wahaya, wakisema kwamba tunapenda kujisifia elimu, vyeo na Kiingereza. Watani wetu hawakosei sana. Watazamaji wa Kemondo basi hawakuwa wakimcheka Mwingereza. Walikuwa wakijicheka wenyewe, na kumcheka kila mtu aliyewahi kurudi kijijini akiwa na cheti, akasikilizwa mazishini na harusini kwa sababu ya kile cheti. Sisi tulioketi pale na kola ya uchungaji shingoni tuligeukiwa na macho kadhaa. Tulicheka pia, ingawa baadaye kidogo kuliko wengine.

Jambo la pili tuliloliona ni kubadilika kwa mwelekeo wa kicheko. Mwanzoni watu walimcheka Bean kama anavyochekwa mtu aliyepungukiwa. Kila kijiji chetu kina mtu wa namna hiyo, anayefuatwa na watoto njiani, na waliotangulia walituonya kwa maneno mawili: hujafa hujaumbika. Lakini kadiri filamu ilivyoendelea, lawama iliwahamia wale waliomtuma. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu alisema kwa sauti, "Kosa si lake. Kosa ni la waliomwandikia barua." Tumesoma uchambuzi mwingi wa sanaa usiofikia ukweli wa sentensi hizo mbili.

Kicheko katika nchi yenye majonzi

Yafaa tukumbuke kwamba kicheko si jambo jepesi katika eneo hili. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko kikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ikafika Nshamba na mahali pengine. Madaktari walioandika habari hizo mwaka 1963 hawakukuta sumu wala ugonjwa wa mwili. Tena kicheko kile hakikuwa cha furaha, maana kiliambatana na kilio na hofu. Wengi wameeleza kwamba ulikuwa ni mzigo wa moyo uliokosa mlango mwingine wa kutokea.

Na Kemondo yenyewe ni bandari inayobeba kumbukumbu nzito. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipita hapa ikichukua abiria kwenda Mwanza, na asubuhi ya tarehe 21 ikazama ikiwa imekaribia mwisho wa safari yake. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya pamoja ya Igoma. Kabla ya hapo mkoa huu ulikuwa umepitiwa na vita vya mwaka 1978 na 1979, na tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa hapa Kagera, hakuna ukoo ambao haukuzika.

Je, watu kama hao waambiwe kwamba hawana ruhusa ya kucheka? Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja msibani na kufanya mzaha mbele ya jeneza, na wafiwa hawamfukuzi. Desturi hiyo inajua jambo ambalo mahubiri yetu ya mazishi hulisahau: kwamba kifo nacho kinaweza kuchekwa, na kwamba anayekicheka amekwisha kukinyima sehemu ya utawala wake. Mhubiri 3:4 huweka kilio na kicheko katika mstari mmoja, kila kimoja na wakati wake. Watu waliopewa kilio kingi namna hii wana haki ya kudai ile nusu ya pili ya mstari.

Funzo kutoka kwa wenzetu wa Ulaya

Hatukuwa wa kwanza kuombwa tukemee filamu ya vichekesho kabla ya kuitazama. Mwaka 1979 kikundi cha Waingereza kiitwacho Monty Python kilitoa filamu ya "Life of Brian", inayomhusu mtu aliyezaliwa siku moja na Yesu katika zizi la jirani, ambaye watu wanashikilia kwamba ndiye Masihi ingawa yeye mwenyewe anakana. Filamu ile ni chafu kuliko ya Bean, nayo inagusa mambo matakatifu kwa karibu zaidi. Ireland iliipiga marufuku kwa miaka minane. Norway nayo iliipiga marufuku kwa muda, na huko Sweden ikatangazwa kuwa ni filamu ya kuchekesha mno hata imekatazwa Norway. Hizi ni nchi mbili jirani, zote zikiwa na urithi wa Kilutheri na katekisimo ileile, nazo zilifikia maamuzi yanayopingana.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, Askofu Mervyn Stockwood wa Southwark na mwandishi Malcolm Muggeridge walijadiliana na wawili wa waigizaji hao katika televisheni ya BBC. Watetezi hao wa imani waliikemea filamu kwa ukali kuwa inamdhihaki Kristo. Ilielezwa baadaye kwamba walichelewa kufika kwenye maonyesho na kukosa sehemu ya mwanzo, sehemu ile inayoonyesha kwamba Yesu na Brian ni watu wawili. Katika filamu hiyo Yesu anahubiri mlimani bila kufanyiwa mzaha wowote. Wanaochekwa ni wale walio nyuma ya umati, wasiosikia vizuri na wanaoanza kugombana juu ya maana ya maneno waliyoyasikia vibaya.

Hatusemi kwamba filamu ile ifaa kuonyeshwa katika Usharika. Tunasema tu kwamba mtumishi wa Neno aliyechelewa kuingia hana budi kunyamaza kidogo. Tena filamu hizo mbili zinakutana katika jambo moja. Brian hakujiita Masihi, wala Bean hakujiita Daktari. Umati ndio uliotoa cheo, na umati ndio uliosujudu.

Maandiko, Luther na mzaha

Wanaopinga kicheko kanisani hutegemea hasa Waefeso 5:4, ambapo Mtume anakataza maneno machafu na mizaha isiyopendeza. Neno la Kiyunani linalotumika hapo kwa mzaha ni "eutrapelia". Wanafunzi wetu wajue kwamba Aristotle alilihesabu neno hilohilo miongoni mwa sifa njema, akimaanisha wepesi wa kufanya utani kwa kiasi, na kwamba Thomas wa Akwino alilirudisha tena katika orodha ya fadhila. Mtume hapingi kila tabasamu. Anapinga ulimi mwepesi unaougeuza mwili wa mtu kuwa kitu cha kuchezewa, ndiyo maana maneno yale yamewekwa karibu na uasherati na tamaa, na mahali pake anaweka shukrani.

Biblia yenyewe haina aibu ya kucheka. Sara alicheka kwa kutoamini katika Mwanzo 18, akacheka kwa furaha katika Mwanzo 21, na mtoto akapewa jina linalotokana na kicheko. Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali katika 1 Wafalme 18:27 kwa maneno ambayo wafafanuzi wengi wanaona yana utani wa chooni ndani yake. Luther naye, ambaye jina lake limeandikwa juu ya milango yetu, alitumia mezani na vitabuni lugha ambayo mzee wetu wa Kemondo asingeivumilia hata dakika moja. Picha zilizotoka katika karakana ya Cranach mwaka 1545 dhidi ya upapa haziwezi kutundikwa ukutani mwa chuo chochote cha theolojia. Tunayasema haya kwa kuwa Mlutheri anayedai kwamba urithi wake haukuguswa na uchafu wa maneno hajausoma urithi huo. Hatuyasemi ili kumsifu Luther kwa picha zile. Mzaha uliomsaidia kumkejeli Shetani ulimponyoka mkononi alipougeuzia watu.

Kipimo chetu basi ni hiki: mzaha unamshusha nani? Ukimshusha mwenye kiburi, uko katika njia ya Mariamu katika Luka 1. Ukimshusha aliyekwisha kuanguka, uko pamoja na askari waliomvika Yesu taji ya miiba na kumpigia magoti katika Marko 15.

Kasoro kubwa ya filamu

Kwa kipimo hicho filamu ya "Bean" inafaulu kwa sehemu kubwa, lakini inashindwa mahali ambapo wazee wetu hawakupataja.

Baada ya picha kuharibika, Bean anaingia usiku katika jumba lile, anaweka karatasi ya tangazo yenye nakala ya picha ileile, na kuipaka ute wa yai na rangi ya kucha ili ing'ae. Kesho yake umati unaishangilia karatasi. Bean anasimama na kutoa hotuba yake pekee, akisema kwa maneno yake ya ovyo kwamba mchoraji hakumwacha mama yake ingawa uzee ulikuwa umemharibu sura, na kwamba watu wa jamaa moja hawana budi kukaa pamoja. Ni hotuba nzuri, nayo iligusa kibanda, watu walinyamaza. Halafu Langley anaponyeka, binti yake aliyepata ajali anazinduka hospitalini, mke anarudi, na Bean anakwenda zake London akiwa na ile picha halisi iliyoharibika, anaitundika chumbani mwake. Hakuna aliyesema kweli. Hakuna aliyeulizwa.

Taa zilipowashwa, yule mama aliyekuwa nyuma yetu alituuliza, "Baba Mchungaji, kwani hakuungama?" Tulimjibu kwamba hakuungama. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hajapona."

Mama huyo ni mtoto wa Uamsho. Mwendo ule ulioingia Kagera kutoka Rwanda na Uganda, na uliomlea pia Askofu Josiah Kibira, uliwafundisha wazazi wetu kwamba aliyeiba mkungu wa ndizi hurudi kwa mwenye shamba na kusema mbele ya watu. Tunaweza kuyakosoa mengi katika Uamsho, lakini uliwapa watu wa kawaida jicho la kutambua wokovu wa bei rahisi. Filamu ya "Bean" inatoa mapatano bila toba, msamaha bila maumivu, na jamaa iliyoungana juu ya msingi wa karatasi iliyopakwa ute wa yai. Hilo ni hatari kuliko matapishi. Matapishi kila mtu anayaona na kuziba pua, lakini neema ya bandia inang'aa, nayo hupigiwa makofi.

Hitimisho

Tulirudi kwa Baraza la Wazee tukaeleza tuliyoyaona. Watoto watatu waliitwa. Mmoja alikuwa anajua maana ya kidole kile na wawili hawakuijua. Yule aliyejua alikiri mbele ya wenzake, akamwomba mwinjilisti radhi, na mwinjilisti akampa mkono. Wote watatu walibarikiwa pamoja na wenzao siku iliyopangwa. Filamu haikukemewa Jumapili. Badala yake tuliwauliza vijana, katika kipindi kimoja cha jioni, swali lilelile la yule mama, na mazungumzo yakaendelea hadi giza likaingia.

Kwa ndugu zetu wachungaji na wanafunzi wa theolojia tuna neno moja la mwisho. Katika kipindi cha kwanza kabisa cha televisheni, mwaka 1990, Bean anaonekana kanisani. Anapambana na usingizi wakati wa mahubiri hadi anateleza chini ya benchi, anahangaika kula peremende kwa siri, na wimbo unapoanza hajui neno lolote isipokuwa Haleluya, ambayo anaiimba kwa sauti kuu kila inapofika. Tumeitazama sehemu hiyo pamoja na wanafunzi, nao walicheka sana. Tuliwauliza wanamcheka nani. Darasa lilikaa kimya kwa muda, maana mahubiri yaliyomlaza mtu yule hatukuyasikia, lakini wote tuliyatambua.